Nyumba ya Dizeli

Nyongesa aliingia na viatu. Hakubisha hodi wala kupangusa nyayo, na pole hakusema. Alipanda vidato viwili vya chuma, akaingiza kichwa, kisha tumbo, kisha buti zake za mpira zenye samadi ya ng'ombe, akaenda moja kwa moja hadi kitandani na kujitupa chali. Kitanda cha Khisa! Khisa mwenyewe alikuwa mochari, hata siku mbili hazijaisha tangu akate roho, na kaka yake mkubwa alikuwa tayari anapima godoro kwa makalio.

"Iko springi," alisema Nyongesa akijidundadunda. "Mama Viola, hii kitu iko springi kabisa, bana."

Nekoye, mjane wa Khisa, alisimama mlangoni ameziba pua kwa ncha ya leso. Alimwonea kinyaa. Kuna watu wakiingia kwako unatamani kubomoa nyumba na kuanza upya, na shemeji yake huyu alikuwa wa aina hiyo. Mkewe, Edinah, hakuwa nyuma. Alikuwa amefungua kabati lililo juu ya jiko na kuchovya kidole kwenye kopo la sukari. Alikilamba kile kidole, akakichovya tena.

"Hivi vikombe ni mingi sana," alisema Edinah, na viwili vikaingia kwenye mkoba wake. "Si sasa utakuwa unakunywa chai peke yako?"

Kumwambia hivyo mjane wa siku mbili!  Nekoye alilifunika lile kopo na kuliweka nje, kwenye majani, ambako baadaye aliimwaga sukari yote.

Nyumba hiyo ilikuwa gari la Kijerumani, la dizeli, refu kama lori la maziwa, na ndani mlikuwa na nyumba nzima: kitanda cha watu wawili, jiko la gesi, sinki, tangi la maji, meza ya kukunja, na choo kidogo chenye mlango wake. Vijana wa mtaa wa Mitume, pale Kitale, waliliita keja, yaani nyumba, ya matairi. Walilileta wazee wawili Wajerumani, mtu na mkewe, waliokuja kuchunguza mimea ya Mlima Elgon, wakamwajiri Khisa awe dereva na fundi wao. Walikaa naye miaka kumi na mmoja. Uzee ulipowazidi, mwaka wa 2000, walirudi kwao na kumwachia Khisa gari pamoja na logbook, hati ya umiliki wake. Tangu hapo Khisa alilikodisha kwa watalii wa kwenda Turkana, yeye mwenyewe akiwa usukani, na kila aliporudi alilala kwanza chini ya gari na tochi yake kabla ya kumsalimu mkewe.

Alilitunza mpaka watu wakamcheka. Oili aliibadilisha kila kilomita elfu tano. Zikizidi hata hamsini alikosa usingizi. Chujio la dizeli alilishika kama watu wanavyoshika kifaranga. Mgeni alivua viatu nje hata wakati wa kiangazi, na aliyekataa aliletewa chai yake huko huko nje.

Figo zilipoanza kumwangusha, Khisa aliona mbali. Alibadilisha logbook ikawa kwa jina la Nekoye, kisha akatafuta mnunuzi akiwa bado anaweza kusimama. Alimpata Gichuki, mfanyabiashara wa mahindi wa Moi's Bridge. Msimu wa mavuno Gichuki na mkewe Gathoni walikuwa wakilala kwenye mastoo ya watu, panya wakiwapita usoni, na sasa walikuwa na mtoto mchanga. Gichuki alikuja mwezi wa kwanza, akakaa chini ya gari saa nzima, akatoka na mafuta kwenye paji la uso, anatabasamu. Walikubaliana achukue gari mwisho wa mwezi wa tatu, akishauza mahindi yake.

Pesa hizo zilikuwa na kazi moja tu. Nekoye alikuwa amepanga chumba kwenye kiploti kidogo cha vyumba vichache pale Mitume, chumba chenye cherehani yake mbele na kitanda nyuma, na mwenye ploti alikuwa anaiuza. Alimpa Nekoye hadi mwisho wa mwezi huo huo wa tatu awe ameilipia; akishindwa, mtu wa baa alikuwa anasubiri kuinunua. Gari likiuzwa, Nekoye alikuwa na pake. Lisipouzwa, ingembidi arudi Sirisia, kule Bungoma, akakae chini ya macho ya Nyongesa maisha yake yote, yeye na binti yake mmoja Viola, aliyekuwa shule ya bweni. Kila alipofikiria hilo alihisi ngozi ikimwasha.

Lakini Gichuki alikuwa ameuliza swali moja kabla ya kupeana mikono.

"Mzee Khisa, hii gari haijawahi kubeba maiti?"

"Haijawahi," alijibu Khisa.

"Nauliza tu juu tutalala ndani na mtoto. Baba yangu aliwahi kurudisha pikapu nzuri sana, alipojua ilikuwa imebeba jeneza. Hakutaka hata kurudishiwa pesa. Na mimi hiyo siwezi, nisiwadanganye."

Nekoye alikumbuka maneno hayo neno kwa neno pale walipotoka nje na kuketi, yeye, Nyongesa na Edinah, kupanga mazishi. Nyongesa alikuwa amejichukulia ufunguo wa gari pale ulipoangikwa. Aliutia sikioni, akauzungusha polepole huku amefumba macho, akautoa, akaukagua, akaupangusa kwenye suruali.

"Hii gari ni mali ya ndugu yetu," alisema. "Kwa hivyo ni yetu."

"Logbook iko kwa jina langu, shemeji."

"Karatasi ni ya serikali. Wewe ni wa ukoo. Halafu huna kijana, mama Viola, uko na msichana. Gari utampea nani?"

Nekoye alikunja uso. Nyongesa akaingia kwenye jambo lililomleta. Kwa watu wao, mwanamume mwenye mke hazikwi bila nyumba. Mwili sharti uingie kwake, ulale kwake, na asubuhi ya kuzikwa utoke kwa mlango wake mwenyewe. Asiye na nyumba huzikwa kando ya ua, karibu na mpaka, kama mtu aliyepita njia tu, na mjane wake hana hata pa kukalia akapokea pole. Khisa alikuwa na kipande cha shamba alichogawiwa na baba yao, lakini kibanda chake cha ujana kilikuwa kimeanguka zamani, na kazi ya barabarani haikumpa nafasi ya kujenga kingine. Ikifika hapo, ndugu ndio hujenga. Miti, udongo, mabati machache, chakula cha mafundi, na kwa siku mbili nyumba inasimama. Tena watu wa kanisa na marafiki wa Khisa walikuwa wamechanga pesa za kazi hiyo na kumpa Nyongesa mkononi.

"Mafundi wameanza?" aliuliza Nekoye.

"Hakuna kujenga."

"Na ile michango?"

"Imetumika kwa mipango."

"Mipango gani?"

Nyongesa alicheua. Harufu ya nyama choma na pombe ilimfikia Nekoye usoni, na mipango yote akaijua.

"Wewe nawe, kwani hii si nyumba?" Nyongesa alilipiga gari ubavuni kwa kofi. "Iko mlango, iko kitanda, iko hata choo ndani, kitu mimi sina. Tunabeba mwili na hii hii, tunapaki kwa shamba yake, analala kwake, anatokea kwa mlango yake. Tumemaliza. Hakuna kukodi gari, hakuna kununua mabati."

Akili ya fisi. Nekoye aliiona mbinu yote mara moja. Shemeji yake alikuwa amekula pesa za nyumba ya maiti, sasa anataka nyumba ya bure. Na gari likishaingia boma lake, litatoka kwa bei yake. Na hata lisipoibwa, litakuwa limeshalaza maiti, na Gichuki alisema wazi kwamba hiyo hawezi.

Angeweza kukataa. Alifungua hata mdomo akatae. Lakini alimwona Khisa akiingizwa shambani kupitia kwenye ua kama mzigo wa kuni, akifukiwa pale mpakani ambapo watu hukojoa wakitoka kunywa. Mtu aliyevua viatu kabla ya kuingia kwake mwenyewe! Moyo ulimkataza.

"Mimi ndiye nitaendesha," alisema. Khisa alikuwa amemfundisha vizuri. "Lete ufunguo."

Aliuosha kwa sabuni kabla ya kuutumia.

Ijumaa asubuhi jeneza liliwekwa sakafuni, kati ya kitanda na jiko, na jamaa kumi na saba wakapanda. Wengine walikaa kitandani wakaning'iniza miguu juu ya marehemu. Mmoja alikuwa na mtungi wa busaa, pombe ya mahindi. Kuku alianza kuliwa kabla hawajafika Kiminini, na kutoka usukani Nekoye alisikia mifupa ikivunjwa, watu wakiimba wimbo wa Mungu na vinywa vimejaa. Alifungua dirisha lake lote akaendesha na machozi yakikaushwa na upepo.

Walipokaribia Kamukuywa, mahali pa kukata kwenda Kimilili na Chwele hadi Sirisia, Nyongesa aliyekuwa ameketi mbele naye alinyoosha mkono.

"Usikate. Pitia Bungoma mjini."

"Bungoma tunaenda kufanya nini? Si ni kuzunguka?"

"Kuna mtu lazima aone."

Nekoye alidhani ni pasta. Alishuka hadi Webuye, akakunja kuelekea Bungoma, na mjini akaegesha karibu na soko, mahali alipoonyeshwa. Nyongesa alishuka haraka, akaenda nyuma, akawaambia jamaa washuke wanyooshe miguu. Nekoye alibaki usukani akingoja pasta aje kumwombea marehemu. Alipoona kimya kimezidi, alizima injini akazunguka nyuma kuangalia.

Juu ya jeneza palikuwa pametandazwa kitambaa chake cha meza, kile cha maua aliyoyashona mwenyewe. Kando yake, kitandani, aliketi mwanamume mnene mwenye kofia, mtu aliyemtambua baadaye kuwa Kimutai, tajiri wa Cheptais aliyekuwa na hoteli pale Bungoma. Alikuwa na chupa ya soda, na alipotaka kuvuta droo aangalie ndani, aliiweka ile soda juu ya jeneza.

"Hapa nitatoa kitanda, niweke jiko la chipsi," Kimutai alikuwa akisema. Aligonga kitambaa kwa vifundo vya vidole, ko ko ko. "Na hii kabati, inakuja na gari?"

"Inakuja," alisema Nyongesa bila kupepesa jicho. "Kila kitu unaona inakuja."

Damu ilimpanda Nekoye kichwani. 

"Mzee," alisema, "toa soda yako juu ya bwana yangu."

Kimutai alimtazama. Aliona nguo nyeusi. Akainua ncha ya kitambaa, akaona msalaba, na hapo hapo alitoka mle ndani kwa kishindo, akakosa kidato, akaanguka kwa magoti, akajikokota hadi kwenye mtaro na kutapika soda yote. Watu wa sokoni walianza kujaa. Kisha alirudi akipangusa mdomo.

"Wewe ni mtu kweli?" alimuuliza Nyongesa. "Unanikalisha na maiti ya ndugu yako, unaniambia ni kabati?"

"Ungelipa kwanza, ningekuambia," alisema Nyongesa.

Kimutai alimtemea mate miguuni akaenda zake. Nekoye alipanda ndani. Soda ilikuwa imeacha duara la maji juu ya kitambaa. Alikiondoa kitambaa, akapangusa mbao kwa leso yake, akapangusa tena mahali palipokuwa pameshakauka, na alipoinua macho Edinah alikuwa mlangoni anaimalizia ile chupa. Akatamani ardhi ipasuke, iwameze wao wote na soda yao.

Sirisia walifika alasiri. Gari liliegeshwa kwenye shamba la Khisa, mlango ukitazama nyumba ya kaka yake, na watu walitoka mbali kama Chwele kuja kuliangalia. Usiku akina mama walikesha ndani wakiimba, na Khisa akalala kwake. Jumamosi, kabla ya kuzika, Nyongesa alishika maiki. Hakuwa ametoa hata bati moja, lakini kichwa kilikuwa kimemvimba.

"Kuna watu hapa wanasema ati ndugu yangu hakuwa na nyumba!" alipaza sauti. "Basi ile ni nini? Ile ni nyumba ya Khisa na bibi yake. Sisi ndugu zake ndio tumeisimamisha hapa. Mnaniambia nani hapa Sirisia ako na nyumba iko choo ndani?"

Watu walipiga makofi na vigelegele. Kisha Khisa akatolewa kwa mlango wake, miguu mbele, akazikwa katikati ya shamba lake kama mwenye boma. Hapo ndipo Nekoye, ubavuni pake Viola aliyeruhusiwa kutoka bweni kwa siku hiyo tu, alipolia kwa huzuni tupu kwa mara ya kwanza wiki hiyo nzima.

Jumanne ukoo ulikaa, kama kawaida, kuangalia marehemu ameacha nini na nani ana lake la kusema. Mwenyekiti alikuwa mzee Munialo, mtu wa kusinzia akishakula, na siku hiyo alikuwa ameshiba.

"Kuna gari," alianza Nyongesa. "Nimepata mtu mwingine wa kununua. Tukubaliane tu tugawe."

"Gari gani?" aliuliza shangazi yao, mwanamke mkavu aliyekesha ndani na akina mama.

"Hiyo hapo."

"Hiyo ni nyumba. Si ulisema na maiki? Mimi nililala ndani na mtoto wa ndugu yangu, tukamtolea kwa mlango yake. Sasa imekuwa gari lini?"

"Shangazi, ile ilikuwa tu maneno ya matanga."

Munialo alifumbua macho. Maneno ya matanga! Kama nyumba ilikuwa uongo, basi Khisa alizikwaje katikati ya shamba? Alizikwa kama nani? Wazee walianza kunung'unika, na mmoja akauliza kwa sauti michango ya mabati ilienda wapi. Nyongesa aliangalia huku na huku, jasho likimtoka, akamwangalia hata Nekoye, kana kwamba Nekoye ndiye angemwokoa.

"Nyumba ya mtu na bibi yake yuko hai haiuzwi," alisema Munialo. "Mama Viola akae kwake. Imeisha."

Ilikuwa imeisha kweli. Nekoye hakujua acheke au alie. Nyongesa alikuwa amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini kukaa kwake, ndani ya gari, mita thelathini kutoka mlango wa Edinah, ndiko alikokuwa akikukimbia. Usiku huo hakula. Asubuhi aliwaambia anaenda Kitale kuchukua cherehani na nguo ahamie rasmi, na kwa kuwa gari ndilo lililokuwa na nafasi, ataenda nalo. Shangazi alimsaidia kuondoa mawe kwenye matairi. Uongo ulitoka vizuri, hata haukumkwaruza, na alipofika Chwele alikuwa anajua harudi. Shamba Nyongesa angelichukua. Alichukue, akale na udongo wake.

Kitale alisafisha kwa siku mbili. Alitoa mifupa ya kuku nyuma ya kiti, na chini ya godoro akakuta tonge la ugali limeota ukungu. Kwenye sinki palikuwa pametapikwa, na choo, Mungu amsamehe aliyekitumia, hakikuwa kimemwagiwa hata tone la maji. Nekoye alifunga leso puani akasugua, akatapika, akarudi kusugua. Alitumia Omo, akatumia Jik, akaanika godoro na mapazia. Sakafu, pale kati ya kitanda na jiko, aliiosha mara saba. Kisha akabadilisha oili. Jumamosi jioni hakuna mtu angejua lolote, na mwenye ploti alipita kumkumbusha kwamba zimebaki siku tatu.

Gichuki alikuja Jumatatu asubuhi na mkewe na mtoto. Gathoni alivua viatu bila kuambiwa. Nekoye aliona hilo likamchoma.

"Pole sana, mama Viola," alisema Gichuki. "Tulisikia mzee alizikwa vizuri."

"Alizikwa vizuri."

Alimweleza kasoro zote. Pampu ya maji hulia asubuhi ikiwa baridi. Dirisha la nyuma lahitaji kusukumwa kidogo ndipo lifunge. Pazia moja lina alama ya moto wa sigara, na hiyo ni ya juzi, watu wa matanga walikuwa wanakaakaa hapa. Alisema yote hayo kwa haraka, na Gichuki aliitikia kwa kichwa akifurahia kupata muuzaji anayesema ukweli.

"Na mzee mlimpeleka nyumbani na gari gani?" aliuliza. Aliuliza tu, huku anachungulia chini ya sinki.

Nekoye alikuwa amejiandaa kwa swali hilo wiki nzima. Alijua maneno ya kweli, yalikuwa mafupi. Nje, ng'ambo ya ua, aliona cherehani yake mlangoni.

"Tulikodi pikapu," alisema. "Ya mtu wa Kimilili. Nyeupe. Ilitusumbua njiani, pancha mbili." Hakuna aliyemuuliza rangi wala pancha. Zilijitokea zenyewe.

"Pole," alisema Gichuki, akainuka, akampa mkono.

Pesa zilihesabiwa mezani, logbook ikabadilisha mikono. Mtoto alikuwa amesinzia. Gathoni alitazama kitandani, akaona mumewe amepanga makaratasi hapo, basi akatandika leso sakafuni, kati ya kitanda na jiko, akamlaza mtoto pale chini, kifudifudi, shavu kwenye sakafu.

"Usimlaze hapo," alisema Nekoye.

"Kwa nini, mama?"

 Gathoni alimngoja, uso mwangavu, msichana wa watu.

"Ni baridi," alisema Nekoye.

"Ah, si baridi. Na vile umesafisha! Mahali safi hivi nimlaze wapi tena?" Gathoni alimgusa mkono. "Mungu akubariki, mama. Watu wengine wangetuuzia takataka."

Nekoye alishuka vile vidato viwili. Gari liliwaka mara moja, bila moshi, likatoka taratibu kwenye barabara ya Mitume. Dirishani Gathoni alikuwa amemnyanyua mtoto, sasa ameamka, anampungia Nekoye kwa mkono wa mtoto huyo.

Nekoye aliinua wake. Aliuona pale hewani, mkono uliopokea pesa, na akajionea kinyaa kilekile alichomwonea Nyongesa akiwa amelala chali na samadi yake, kizima, bila kupungua. Aliushusha. Alikwenda bombani akanawa kwa sabuni hadi viwiko, akanawa tena, na mwenye ploti alipokuja kuchukua pesa zake alimkuta bado ameinama pale, maji yanamwagika.